Injini Isiyokojoa

Mkoa wa Geita una neno moja linalobeba riziki mbili. Mwambie mtu wa Nkome kwamba unakwenda mwaloni, ataelewa unafuata samaki. Mwambie mtu wa Rwamgasa neno lilelile, ataelewa unakwenda kuosha mchanga wa dhahabu. Mji wa Katoro unaihudumia mialo ya aina zote mbili, na hapo ndipo balaa la injini za boti linapoanzia. Injini kuukuu ikichoka ziwani hubebwa juu ya bodaboda, ikapelekwa nchi kavu kwa watu walioijua injini kupitia karasha za kusaga mawe ya dhahabu, jenereta na pikipiki. Hoja yangu ni kwamba injini hizi haziuawi na uzee, wala na ujinga wa mafundi. Zinauawa na masikio.

Masikio ya ukanda wa dhahabu si ya kubeza. Mwenye karasha anaweza kusinzia kwenye benchi huku mashine ikipiga kelele za kupasua mbingu, na bado akashtuka mawe yanapokwisha ndani, kwa kuwa mlio umebadilika. Fundi wa pikipiki hutaja ugonjwa kabla dereva hajashuka. Pampu ya kuvuta maji duarani, yaani kwenye shimo la wachimbaji, mashine ya kusaga, jenereta: zote hupimwa kwa mlio, na mlio hausemi uongo. Sasa injini ya boti ni shahidi wa tabia nyingine. Ikiwa mahututi inaweza kuimba vizuri kuliko siku ilipotoka dukani.

Pikipiki hupozwa na upepo. Injini ya boti hupozwa na ziwa lenyewe. Chini kabisa, jirani na propela, kuna kijigurudumu cha mpira chenye mapezi, kinaitwa impela, kinachonyonya maji na kuyapandisha hadi kwenye silinda. Maji yakishafanya kazi, mengi hutokea chini pamoja na moshi, na machache huchuruzika kwenye kitundu kidogo ambacho injini nyingi huwa nacho. Mchirizi huo ndio mkojo wa injini, na ndio cheti chake cha afya. Impela nayo hulainishwa na maji hayohayo inayoyanyonya. Ukiizungusha pakavu, mpira unasugua ukuta wa pampu, unapata moto, na mapezi yanaanza kuharibika kabla hujamaliza ubeti mmoja wa wimbo wa taifa.

Tazama basi majaribio yanavyofanyika uani. Injini imefungwa kwenye ubao, au imeegemezwa ukutani kama mlevi. Plagi imesuguliwa kwa msasa, kabureta imeoshwa kwa petroli, nati mbili zimebaki na zimetangazwa kuwa ni za ziada. Kamba inavutwa mara ya kumi na moja, injini inanguruma, moshi wa buluu unafunika mtaa, watoto wanashangilia. Ingezimwa papo hapo, huenda mpira ungenusurika. Lakini furaha haina swichi. Fundi anaongeza moto kidogo kuonyesha uwezo. Kisha mwenye injini, aliyebaki Nkome, anapigiwa simu, na simu inaelekezwa kwenye silinda ili asikie mwenyewe. Anasikia, anaridhika, anatuma hela. Sijui kazi nyingine ya ufundi ambayo mkaguzi wake yuko mbali na anaisifu huku inaungua.

Kesho yake injini inafungwa kwenye mtumbwi na inawaka kwa mvuto wa kwanza. Huo ndio ukatili wake: haifi ufukweni, mahali ambapo mtu angeshuka tu akatukana na kurudi nyumbani. Joto linapanda taratibu, pistoni inatanuka ndani ya silinda, na mwalo unapoanza kuonekana kama uzi, injini inanoki. Anayeshika kafi ndiye anayekumbuka kwamba jana kila mtu alisikiliza na hakuna aliyetazama.

Yupo atakayesema dawa ni watu kuacha kujitengenezea na kupeleka Mwanza kwa waliosomea. Sikubaliani naye hata kidogo. Injini hizi za zamani, za kuchanganya petroli na oili, zina vipuri vichache, hazina vali za kurekebisha, na mwenye spana na subira anaziweza. Ole Evinrude, mzaliwa wa Norwei aliyehamia Marekani, alianza kuuza injini zake za boti mwaka 1909 baada ya kile kisa kinachosimuliwa mpaka leo: alipiga kasia ziwani kumpelekea mchumba wake aiskrimu, ikamyeyukia njiani. Chombo kilichozaliwa na aiskrimu hakidai shahada. Ila Evinrude alikuwa na ziwa karibu, na uani kwa fundi wa Katoro kuna vumbi.

Mwingine atasema muuaji ni oili, kwa sababu watu wanachanganya kwa kukisia. Ana hoja. Injini nyingi za aina hii zinataka sehemu moja ya oili kwa hamsini za petroli, maana yake dumu la lita 20 linahitaji mililita 400, na chupa ya soda ya mililita 350, ambayo ndiyo kipimo cha taifa, inabakiza deni la mililita 50. Deni hilo ni kosa, lakini hulipwa polepole. Impela iliyoungua hudai siku hiyohiyo. Wapo pia wanaojivunia kwamba maji yetu hayana chumvi kama ya Mafia au Kilwa, ambako injini ikitoka baharini husuuzwa kwa maji baridi. Kweli hayana. Yana mchanga na magugumaji, na kitundu cha mkojo kikizibwa na takataka hizo, waya mwembamba unatosha kukizibua, mradi awepo mtu aliyeona kwamba kimeziba.

Kinachotakiwa ni pipa. Pipa la lita 200 ni madumu kumi ya maji. Injini inafungwa kwenye ubao imara ukingoni, matundu ya kunyonyea yanazama kabisa, gia inawekwa huru, na propela inafunguliwa, la sivyo maji yote yatahamia kwa watazamaji. Watasema maji ni ya kununua, nani ayatoe madumu kumi kwa ajili ya chuma? Lakini hayamwagwi. Yatanuka petroli na hayatafaa kufulia, ila injini ya wiki ijayo haitalalamika, na fundi mwenye pipa moja lenye mfuniko anaweza kujaribia injini nyingi kabla hajahitaji dumu la kumi na moja. Na wewe uliyebaki Nkome, ukipigiwa simu usikilize injini yako, usiulize inanguruma vipi. Uliza kama inakojoa.