Taulo Kavu Kisiwani: Mwongozo kwa Wenye Subira

Wenye jakuzi uani kwao, huko Kanada na Norwei, wana shida moja ambayo huijadili kwa uzito wa watu wanaogawana urithi: ukitoka kwenye maji ya nyuzi 38 au 40, na theluji inadondoka, taulo liwe wapi? Wameshabuni ndoano za ukutani, makabati yanayopashwa moto kwa umeme, na masanduku ya mbao yenye paa lake. Sisi wa Kisiwani, hapa Mombasa, hatuna haja ya kununua jakuzi, kwa sababu tumezungukwa nayo. Mwezi wa Machi na Aprili bahari yetu hukaribia nyuzi 30, haina bili ya umeme wala fundi wa kuibadilishia pampu, na upana wake unafika Bara Hindi. Kilichotushinda ni kilekile kilichowashinda wao.

Mwongozo huu ni wa mtu anayeogelea Kisiwani, iwe kwenye miamba ya chini ya bustani ya Mama Ngina, ubavuni mwa Fort Jesus ambako vijana hujirusha kichwa mbele, au kwenye ngazi za upande wa Bandari ya Kale. Wanaokwenda ufuo wa Pirates wana mchanga na ngamia. Shida zao wazitatue wenyewe.

Kwanza lazima tukubaliane. Taulo linatakiwa liwe karibu na liwe kavu, na Mombasa hukupa kimoja tu kati ya hivyo viwili. Lililo karibu limelowa. Lililokauka liko nyumbani Kibokoni, limekunjwa juu ya kitanda, linakusubiri. Kila ushauri utakaousoma hapa chini ni jaribio la kuidanganya kanuni hiyo, na kanuni hiyo haidanganyiki.

Anza kwa kuchagua jiwe. Liwe tambarare, lipigwe jua, na liwe na chaza waliogandamana ubavuni. Chaza hao ni ushahidi kwamba maji hufika pale kila siku, lakini wewe umekuja kuogelea, hukuja kutoa hukumu. Likunje taulo lako vizuri, liweke juu, weka ndara juu yake lisipeperuke, kisha uingie majini baada ya swala ya Alasiri. Kama mwezi ni mwandamo au ni mpevu, basi umechagua wakati mwafaka kabisa wa kulipoteza. Maji ya bamvua Mombasa hujaa kwenye saa kumi hivi, alasiri na alfajiri, na tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Ndara utaiona inaelea kuelekea Nyali. Taulo hutaliona, maana lenyewe huzama kwa adabu, bila kupiga kelele.

Mwenye akili huhesabu mwezi. Kila siku maji huchelewa kwa dakika 50 hivi, na wiki moja baada ya bamvua yanaingia maji mafu. Hapo bahari husogea kidogo tu, na alasiri hukuti maji kwenye ngazi bali hukuta mwani na matope. Zile ndizo siku salama za taulo. Hakuna anayeogelea siku hizo, na hiyo ndiyo sababu ya usalama wake. Manahodha na wavuvi wa Bandari ya Kale wanayajua haya bila kutazama jedwali lolote. Muulize mmoja wao, lakini usimwambie kwamba ni kwa ajili ya taulo.

Njia ya pili ni kumwachia mtu. Mama Ngina, tangu ilipojengwa upya na kufunguliwa mwaka 2019, haikosi watu wanaouza mihogo ya kukaanga, kachiri na madafu, na wote ni watu waungwana. Mwambie muuza mihogo: "Kaka, nishikie taulo, nakuja sasa hivi." Atalishika kwa mikono miwili. Baada ya nusu saa utalikuta kavu kabisa, ila limefunika karai upepo usizime moto, na lina pilipili na ndimu kila pembe. Ukijipangusa nalo uso utalia mpaka watu waje kukupa pole. Muuza madafu ni afadhali kidogo, lakini huyu naye ana panga lake la kupangusa, na hutapata pingamizi lenye nguvu mbele ya mtu mwenye panga.

Zamani kulikuwa na jibu rahisi. Ulitia taulo kwenye mfuko wa plastiki, ukafunga fundo, ukaacha popote. Tangu tarehe 28 Agosti 2017 mfuko huo umepigwa marufuku Kenya nzima, na adhabu yake inaweza kufika shilingi milioni 4 au kifungo cha miaka minne. Nchi ilifanya vizuri, na fukwe zetu zinashukuru, lakini hakuna aliyewafikiria wenye mataulo. Mfuko wa kitambaa uliochukua nafasi yake hupitisha maji ndani na nje bila ubaguzi. Kikapu cha ukindu hufanya vivyo hivyo, ila kwa kupendeza zaidi. Kilichobaki ni ndoo ya rangi, ile ya lita 20 yenye kifuniko cha kubana, uliyomwomba fundi alipomaliza kupaka nyumba ya jirani. Nasema bila mzaha: hakuna chombo kinachoishinda. Wimbi haliingii, mvua haiingii, na ukitoka majini unaikalia. Ubaya wake ni heshima tu. Mtu mzima anayepita Ndia Kuu na ndoo ya rangi mkononi jioni ya Jumapili ataulizwa na kila barza anapofanya kazi, na wengine watataka awapakie ukuta.

Haya, tuseme umejipangusa. Sasa taulo limelowa maji ya bahari, na hapa ndipo penye kazi. Wageni hudhani jua la Mombasa linakausha kila kitu. Jua linakausha maji. Chumvi linaiacha palepale. Na chumvi ya mezani huanza kunywa maji ya hewani unyevu ukifika asilimia 75 hivi. Hii ya bahari, yenye magnesiamu ndani yake, haingoji hata hapo. Alfajiri zetu nyingi hupita kiwango hicho bila hata wingu angani. Ndiyo maana taulo uliloanua jana jioni likiwa kavu kama ubao, leo asubuhi unalikuta limerudi unyevuunyevu, linanata, na linanuka kama chini ya mashua. Hakuna aliyelimwagia maji. Limekunywa lenyewe usiku kucha.

Dawa ni kulisuza kwa maji matamu, na maji matamu Kisiwani yana historia ndefu kuliko taulo lako. Visima vingi vya Mji wa Kale vina maji ya chumvi, kwa hiyo ukisuzia huko umebadilisha chumvi kwa chumvi. Maji ya bomba, siku yanapotoka, mengine yametoka Mzima kule Tsavo, kwa bomba la zaidi ya kilomita 200 lililolazwa miaka ya 1950. Yasipotoka, utamngojea mwenye mkokoteni wa mitungi, na hapo itabidi ujiulize kama mtu mwenye busara anaweza kununua mtungi wa lita 20 kwa ajili ya kitambaa kimoja. Wengi tumejibu ndiyo. Hatuwasimulii wake zetu.

Kuanika nako kuna utaratibu. Vichochoro vya Mji wa Kale vilijengwa vyembamba makusudi ili jua lisiingie, na walioviweka hivyo walijua walichokuwa wakikifanya, isipokuwa hawakuwa na mataulo. Jua hupita kichochoroni saa sita mchana, likaaga. Ukilitundika kwenye roshani, watalii watalipiga picha pamoja na nakshi za mbao, na taulo lako litakwenda Ujerumani kabla yako. Kuna darini kwa jirani, ambako jua halikatizwi, lakini omba ruhusa kwanza na utazame limekaa wapi. Wakati wa maembe utasikia sauti ya upole:

"Mwanangu, hili taulo lako lanitilia maji kwenye achari."

"Nisamehe, bibi, naliondoa sasa hivi."

Utateremka na taulo bichi kama ulivyopanda nalo. Ukiwa na adabu, utateremka na chupa ya achari pia.

Usisahau kunguru. Hawa wa shingo ya kijivu walifika Zanzibar kutoka India miaka ya 1890, wakapanda hadi huku, na mwaka 2024 shirika la wanyamapori KWS lilitangaza nia ya kuwaangamiza milioni moja kabla ya mwaka kwisha. Kunguru haibi taulo, ni zito. Huiba kibanio, kisha huiba sabuni, kisha hukaa juu ya kamba akatafakari, na baada ya tafakuri hiyo taulo huhitaji kufuliwa upya.

Kuhusu majira sitasema mengi. Kaskazi ikivuma, Desemba hadi Machi, nguo hukauka kabla hujamaliza kikombe cha kahawa. Mwezi wa Mei, ambao ndio wenye mvua kuliko yote, anika imani tu.

Kosa lenyewe, ukitaka kujua, ni la taulo. Lile la vitanzi lilitokana na hamamu za Uturuki; Waingereza wakaliiga kwa mashine na kulionyesha kwenye maonyesho makubwa ya London mwaka 1851. Kila kitanzi kiliwekwa pale kunywa maji na kuyashika, na kinaifanya kazi hiyo kwa uaminifu hata pale ambapo hakuna aliyekituma. Mataulo ya mitumba ya Kongowea, mazito, yenye majina ya hoteli za Ulaya pembeni, ndiyo magwiji wa kazi hiyo: Jumatatu utalikuta bado linakumbuka Ijumaa.

Wazee wetu waliingia bahari hiyohiyo na kikoi, na wake zao na leso. Kikoi ni pamba nyepesi isiyo na kitanzi hata kimoja. Unajipangusa nacho, unakikamua, unajifunga kiunoni, na ukitembea kutoka ngazini hadi Kuze kimeshakauka juu yako, kikiwa karibu kuliko taulo lolote lililowahi kutundikwa ndoanoni Norwei. Vinauzwa Biashara Street, na bei ya kwanza utakayotajiwa si bei.

Lakini najua hutanisikiliza, utakwenda na taulo. Na wewe uliyeondoka na langu la kijani pale ngazini siku ya kuvunja jungu: nimekusamehe, ila nina ombi moja. Likikauka, niambie umefanyaje.