Sifa za Kalenda Iliyopitwa na Mwaka

Kalenda iliyopitwa na mwaka ni karatasi ya ukutani ambayo kazi yake ya kuonyesha tarehe imekoma usiku wa Desemba 31, na kazi yake ya kupamba nyumba imeanza alfajiri ya siku iliyofuata. Katika sekta ya Mururu, wilayani Rusizi, pale Rwanda inapotazamana na mji wa Bukavu wa Kongo ng'ambo ya mto, pambo hili hukaa katika nafasi ya heshima: juu ya kiti cha mgeni, mkabala na mlango, mahali ambapo matajiri hutundika kioo. Hata hivyo halijapata wa kulisifu. Imigongo, sanaa ya kinyesi cha ng'ombe iliyozaliwa Gisaka, mashariki mwa nchi, imesifiwa hadi ikaingia kwenye kuta za hoteli za Kigali. Ikiwa samadi imefika huko, karatasi nayo inastahili wakili.

Nasaba yake ni ya juu. Mpangilio wa siku zake uliwekwa na Papa Gregori XIII mwaka 1582, alipoamuru siku kumi ziondolewe. Watu wa Roma walilala Alhamisi tarehe 4 Oktoba wakaamka Ijumaa tarehe 15. Lakini tawi la ukoo linalohusika na mapambo lilichipuka baadaye sana, mwaka 1889, katika mji mdogo wa Red Oak, jimbo la Iowa, Marekani. Wenye gazeti wawili, Thomas Murphy na Edmund Osborne, walitaka kuchapa picha ya jengo jipya la mahakama, wakakuta gharama ni kubwa. Wakaiweka picha hiyo juu ya kalenda na kuizungushia matangazo ya wafanyabiashara. Tangu hapo kalenda ya ukutani imekuwa picha iliyotafutiwa mtu mwingine wa kuilipia, na mwenye nyumba ndogo hawezi kuombewa baraka iliyo kubwa kuliko hiyo.

Mururu huipata kwa njia kadhaa. Benki na kampuni za bima za mji wa Kamembe hugawa za kwao mwishoni mwa mwaka. Parokia za Jimbo la Cyangugu hutoa zenye askofu au Bikira Maria wa Kibeho. Chama cha akiba na mikopo hutoa yenye sura za viongozi wake waliosimama mstari mmoja bila kucheka. Wanaovuka mpaka kuuza mboga na matunda Bukavu hurudi na za Kongo. Kuipata kunahitaji adabu yake. Haiombwi mara tu mtu anapoingia ofisini. Kwanza hujuliwa hali, kisha huulizwa habari za watoto, kisha jicho hutupwa kwenye bomba la karatasi lililo nyuma ya meza. Mwenye bahati hupewa mbili. Kalenda za kununua zipo, lakini anayenunua kalenda kwa fedha taslimu huonekana mtu asiye na marafiki.

Uwezo wake wa kwanza ni wa ujenzi, na hapa inafaa kukaa kidogo. Nyumba nyingi za bei nafuu katika vilima vya Rusizi hujengwa kwa rukarakara, yaani matofali ya udongo yaliyokaushwa kwa jua, kisha hupigwa lipu na, fedha ikiruhusu, chokaa. Ukuta wa namna hiyo ni mzuri kwa baridi na kwa joto, ila una tabia ya kuonyesha umri. Mvua za huko ni nyingi, nazo huchora ramani za kahawia chini ya madirisha. Udongo unapojikunja hutoa nyufa. Zaidi ya hayo, Rusizi imekaa juu ya bonde la ufa lenyewe: tetemeko la Jumapili ya Februari 3, 2008, lililoua watu upande wa Rwanda na upande wa Kongo, liliacha pia nyufa katika kuta zilizobaki zimesimama. Wahenga walionya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakusema uzibwe kwa kitu gani.

Kalenda ya ukurasa mmoja, ile yenye picha juu na miezi kumi na miwili chini, hufunika ufa wa urefu wa mkono bila saruji, ingawa kiwanda cha saruji cha CIMERWA kiko wilaya hiyohiyo, kule Bugarama. Tena hutoa huduma ambayo saruji haitoi: hupima. Ufa ukichungulia chini ya Desemba, ni wakati wa kumwita fundi. Ukichungulia pande zote nne, ni wakati wa kuwahamishia watoto kwa shangazi. Mhandisi angetoza fedha kwa ushauri wa aina hiyo.

Kuhusu namna ya kuitundika kuna madhehebu mawili. La kwanza hutundika kalenda mpya juu ya ile ya zamani kwenye msumari uleule, mwaka juu ya mwaka. Hoja yao ni nzito, kwa kuwa rukarakara haipendi misumari. Kila tundu jipya humwaga mchanga, na tundu lililomwaga mchanga linahitaji kalenda ya kulifunika, ambayo inahitaji msumari. La pili hutawanya: ya mwaka huu karibu na mlango, za miaka iliyopita kuzunguka chumba. Dhehebu la pili ndilo lenye haki. Sebule ya hatua nne kwa nne haina nafasi ya kabati wala meza ya pembeni, lakini ina kuta nne, na ukuta ni sehemu pekee ya nyumba ambayo mtu anaweza kuijaza bila kujikwaa gizani.

Uwezo wa pili ni wa kumbukumbu, na ndio unaowashinda wanaodai kwamba kalenda ikiisha itupwe. Ng'ombe hubeba mimba kwa takriban siku 283. Aliyepandishwa Juni 10 atazaa karibu na Machi 20 ya mwaka unaofuata, na tarehe ya kupandishwa iliandikwa kwa kalamu pembeni mwa Juni. Familia iliyopewa ng'ombe kupitia mpango wa Girinka, ulioanza mwaka 2006, ikiichoma kalenda hiyo Januari, itakaa na mnyama mwenye siri. Vivyo hivyo kwa mtoto aliyezaliwa Agosti, ambaye chanjo yake ya surua ya miezi tisa huangukia Mei. Na vivyo hivyo kwa madeni, ambayo hayana desturi ya kuisha pamoja na mwaka. Jina la mdaiwa likiwa limeandikwa juu ya kiti anachokalia mgeni, na mgeni akiwa ndiye mdaiwa, mazungumzo hayahitaji utangulizi.

Nyumba iliyo karibu na mpaka hufaidika zaidi ikiwa na kalenda za nchi mbili. Ya Kongo huweka rangi nyekundu kwenye Juni 30, siku ya uhuru wa mwaka 1960. Ya Rwanda huiweka kwenye Julai 1, uhuru wa mwaka 1962, ambao Burundi iliupata siku hiyohiyo. Anayevuka kupeleka nyanya sokoni anahitaji kujua zote, na kwa jambo hili kalenda ya zamani ni sawa na mpya, kwa kuwa tarehe za uhuru hazihami.

Lawama zipo, na haki inataka zisikilizwe.

Lawama ya kwanza ni kwamba hupauka. Ni kweli: wino mwekundu na wa manjano huwahi kufa juani, wa samawati hubaki. Baada ya misimu michache mkabala na dirisha, askofu, sokwe wa milimani na jengo la benki wote huwa na rangi moja ya maji ya Ziwa Kivu. Wapambaji wa mijini hulipwa ili kuleta ulinganifu wa namna hiyo katika chumba. Madhara ya pekee ni kwamba, wekundu ukishatoka, Jumapili na sikukuu zote hugeuka siku za kazi. Lakini mkulima wa Mururu hakuwa akizitazama kwa tumaini kubwa.

Lawama ya pili ni mende na mijusi wanaokaa nyuma yake. Mjusi hula mende, na kwa hiyo kalenda inamhifadhi mgonjwa na daktari wake katika chumba kimoja. Lawama ya tatu, kwamba hutangaza biashara ya watu bure, haina uzito: benki haijawahi kulalamika, na mwenye nyumba mara nyingi hana akaunti humo.

Lawama ya nne ndiyo kubwa, nayo ni kwamba kalenda hiyo inasema uongo. Mgeni huiangalia, akadhani leo ni Jumanne, kumbe ni Ijumaa. Wanaolaumu hivi hawajafanya hesabu. Mwaka wa kawaida una siku 365, yaani wiki 52 na siku moja ya ziada. Mwaka mrefu una siku mbili za ziada. Kwa sababu hiyo siku za wiki husogea kila mwaka, kisha hurejea palepale. Kalenda ya mwaka unaofuata mara moja baada ya mwaka mrefu husema kweli tena baada ya miaka 6. Za miaka miwili inayofuata huo, baada ya miaka 11. Ya mwaka mrefu wenyewe ndiyo yenye subira kuliko zote: hungoja miaka 28. Iliyokuwa ukutani siku ya tetemeko la 2008 itakuwa sahihi tena mwaka 2036, na ya 2024 itarejea kazini mwaka 2052.

Mfano ulio bora ni kalenda ya 2015. Miaka yote miwili, 2015 na 2026, huanza Alhamisi, na kila tarehe ya mmoja huangukia siku ileile ya wiki katika mwingine. Jumamosi ya mwisho ya mwezi, ambayo ni ya umuganda, yaani kazi ya pamoja ya jamii, iko mahali pake. Umuganura, sikukuu ya mavuno inayoadhimishwa Ijumaa ya kwanza ya Agosti, huangukia tarehe 7 katika miaka yote miwili. Hata Pasaka, sikukuu inayotangatanga kufuata mwezi mpevu, iliangukia Aprili 5 mwaka 2015 na huangukia Aprili 5 mwaka 2026. Walioibandua mwaka 2016 waliitupa bure. Waislamu wa Kamembe pekee ndio wenye sababu ya kunung'unika: mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku kama 11, hivyo Idi el-Fitri iliyokuwa Julai 2015 imesogea hadi Machi 2026, na kwa Idi hakuna kalenda ya ukutani inayoshindana na kuutazama mwezi wenyewe.

Kalenda isiyo na nafasi ukutani haikosi makao. Karatasi yake nene huvikwa madaftari ya shule, upande wa picha ndani na upande mweupe nje, au kinyume chake kwa mtoto anayetaka kutambulika darasani. Na tangu Rwanda ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, karatasi imara haidharauliki. Kipande cha bati kinachoishika kalenda kwa juu hufaa kukwangulia matope kwenye viatu.

Kwa mwenye nyumba ndogo anayetaka kuanza, kalenda ya 2021 ndiyo ya kutafutwa kwa majirani kabla hawajaivika daftari. Januari 1, 2027 ni Ijumaa kama ilivyokuwa 2021, na mwaka mzima utasomeka sawasawa. Pasaka tu ndiyo itakayohitaji kalamu: ifutwe Aprili 4, iandikwe Machi 28.