Jinsi ya Kuvuna Ruzuku Bila Kupanda

Ndugu yangu, kulima ni kazi ya watu wasiojuana na mtu. Wewe unajuana na watu. Basi sogea hapa, na jirani asisikie.

Hesabu kwanza. Septemba 2022 serikali ya Kenya ilishusha kwa ruzuku bei ya mfuko wa mbolea wa kilo 50 kutoka shilingi 6,500 hadi 3,500. Agosti 2023 ikashusha tena, hadi 2,500. Mkulima wa Trans Nzoia akisikia hivyo huwaza mahindi. Wewe waza pengo. Dukani bei haijashuka hivyo, na shamba lako liko hapo katikati.

1. Jisajili. Karani atakuja na mzee wa kijiji, aulize jina, kitambulisho, namba ya simu na ekari. Kwenye ekari usione haya. Una robo nyuma ya choo? Sema kumi. Taja shamba la kukodi, la marehemu babu, na lile mnaloshtakiana na ami yako mahakamani. Karani hana kamba ya kupimia, na jua ni kali. Vaa gambuti. Zikiwa mpya, zipake tope.

2. Zaa wakulima. Andikisha mkeo, mama mkwe, na kijana wako aliye Nairobi ambaye mahindi anayajua yakiwa yamechomwa. Babu naye? Pole sana kwa msiba. Lakini laini yake bado inashika mtandao? Basi bado analima. Kila mmoja atapata kwenye simu ujumbe wake wa kuchukulia mbolea, kwa hiyo kusanya simu zote kwenye kikapu kimoja na uzichaji.

3. Usipange foleni. Foleni ya ghala la mbolea ya ruzuku mwezi wa Machi ni ya akina mama waliodamka alfajiri kufuata mifuko miwili. Nauli ya matatu, ukijumlisha ya boda ya kurudisha mzigo, inakula sehemu nzuri ya punguzo. Kisha wanaambiwa mtambo umelala, warudi kesho. Inasikitisha, lakini usiwatazame sana, utachelewa. Wewe leta lori jioni, mtambo ukishaamka. Mwenye ufunguo mwite mheshimiwa, hata akiwa mlinzi. Hasa akiwa mlinzi.

4. Badili gunia. Usikimbilie hatua hii, maana wanagenzi wote huumbukia hapa. Gunia la ruzuku lina maandishi, na maandishi yana mdomo. Mwaga mbolea kwenye gunia safi la dukani, kisha uangalie mshono. Mshono wa kiwanda umenyooka. Wako wa sindano ya magunia na uzi wa nailoni unapinda kama njia ya mlevi. Azima mashine ya kushonea magunia kwa mwenye kinu cha posho, na umpe mfuko mmoja asiulize.

Ila usiongeze changarawe. Nakuomba. Mwaka 2024 wakulima waliuziwa mbolea feki kupitia mpango huohuo, serikali ikaahidi kuwafidia, na Waziri wa Kilimo akaponea chupuchupu kung'olewa na Bunge. Kelele zote hizo kwa tamaa ya watu wachache! Wewe uza mbolea halisi. Wizi wa mbolea nzuri haulalamikiwi na mtu, kwa sababu mahindi yanaota.

5. Uza kwa huruma. Mvua ikishika, yule mama wa foleni atakuja dukani kwako, mbegu mkononi, ujumbe wake bado kwenye simu. Mwambie bei ya soko. Akianza kuondoka, mwite, mpunguzie shilingi mia. Atakuombea baraka, tena kwa dhati.

Pesa zikianza kujaa, gari lisubiri. Nunua hema na viti. Uchaguzi wa 2027 si mbali, na katika wadi nzima hakuna anayeweza kueleza matatizo ya mbolea kwa undani kama wewe.