Sifa za chumvi isiyojitaja

Mwanafunzi wa Historia mtahini wake ni karatasi. Akikwama kwenye sababu za Vita vya Maji Maji, ataipamba insha, atairefusha, na pengine msahihishaji atamhurumia kwa maksi mbili tatu. Mwanafunzi wa Kemia amejaliwa mtahini bora kuliko huyo. Ni unga mweupe, kama nusu kijiko hivi, umekaa chini ya neli ya majaribio na hauna jina ila herufi moja. Hiyo ndiyo chumvi ya praktiko ya kidato cha nne. Imetukanwa mabwenini tangu zamani bila kupata wakili. Leo nitaisemea.

Hakuna mtahini mwadilifu kama chumvi. Maswali ya nadharia huotewa: watu hupitia mitihani ya miaka kumi, wakahesabu mada gani haijatoka, kisha wakalala na uhakika. Chumvi haina habari na hesabu hizo. Kabonati ya zinki ikipashwa moto Songea itaacha unga wa njano unaogeuka mweupe ukipoa, na Pemba itafanya vilevile, awe aliyeshika neli ni mtoto wa mkurugenzi au wa mama ntilie. Haipokei simu ya mtu.

Ukarimu wake nao haukadiriki. Kwenye masomo mengine ukikutwa na kikaratasi mfukoni umekwisha. Huku, Baraza la Mitihani la Tanzania limeruhusu kijitabu cha mwongozo wa uchambuzi, alimradi msimamizi akikague kwanza. Rangi zote zimo, mashapo yote yamo, gesi zote na harufu zake. Mtahiniwa ana majibu mkononi na swali mbele ya macho, kilichobaki ni kuyakutanisha. Na bado anatoka nje jasho likimtiririka, akiuliza wenzake kama yao ilikuwa risasi au aluminiamu. Mtihani gani mwingine umewahi kumheshimu mtu kiasi hicho?

Tusisahau huduma yake kwa waliokesha. Aliyepiga msuli hadi alfajiri huingia maabara akisinzia. Akikutana na chumvi ya amonia, akaitia haidroksaidi ya sodiamu na kuipasha moto kidogo, usingizi wote humtoka puani. Walimu husema gesi ipepewe kwa kiganja, isivutwe moja kwa moja. Ni ushauri mzuri ambao wengi huukumbuka baada ya kuvuta.

Lakini kazi yake kubwa ni malezi, na hapo sifa ziende kwa naitreti. Hii haitaki papara. Unaitia salfeti ya chuma iliyotengenezwa muda huohuo, maana ya jana imeshaharibika. Kisha unainamisha neli na kuiteremshia asidi kali ya salfa ukutani, taratibu, mpaka itue chini. Katikati, pale vimiminika viwili vinapokutana, hutokea pete ya kahawia. Usitikise! Ukitikisa pete imepotea, na huwezi kumwita msimamizi aje kuapa kwamba ilikuwepo. Vijana ambao wazazi wao wameshindwa kuwatuliza kwa miaka kumi na saba nimewaona wakiishika neli hiyo kama wamebeba kichanga.

Sodiamu ndiyo mswahili wa maabara. Ikigusa moto kidogo tu hujaza njano kila mahali, hata urujuani wa potasiamu usionekane, na mtahiniwa anaandika sodiamu kwa furaha. Wala isilaumiwe. Inapenda kuonekana, kama wengi wetu.

Na nani mwingine ameijengea nchi kama chumvi? Rais Jakaya Kikwete alipoagiza shule za sekondari za kata ziwe na maabara za Fizikia, Kemia na Biolojia, mwaka 2014 ulikuwa wa michango: wananchi walitoa fedha, wakabeba mawe, watendaji wa kata wakapita nyumba kwa nyumba. Mabunge na mikutano ya hadhara hayajawahi kuhamasisha matofali hivyo kwa ajili ya ushairi. Kwamba baadhi ya majengo yalikamilika kabla ya kemikali kufika, hilo si kosa la chumvi. Yenyewe ilikuwa tayari.

Basi mtahiniwa wa Novemba, ipe heshima yake. Haidroksaidi ya sodiamu uitie tone kwa tone, utazame, uandike, ndipo uzidishe. Ukiimimina yote kwa mkupuo, mashapo meupe ya zinki yatayeyuka kabla hujayaona, na utaandika kwa mkono wako mwenyewe kwamba hakuna kilichotokea.