Gongo la Mwezi wa Nne

Mtu aliyezaliwa Pangani, akalelewa kwa samaki na tui la nazi, akafundishwa tangu utoto wake kwamba mpira ni ule upigwao kwa mguu na kwamba kurushiana vimpira vya matambara ni rede, na rede ni ya wasichana, hana udhuru wowote wa kupenda besiboli; na mimi, niliyekuja Boston kwa kutafuta riziki na nikakaa kwa uvivu wa kuhama, nakiri kwamba udhuru huo sikuwahi hata kuutafuta. Mapenzi haya yana msimu wake kama homa. Miezi ya baridi hutulia hata nikadhani nimepona, kisha mwisho wa Machi, theluji ingali imejikunyata kwenye pembe za barabara, timu 30 za ligi kuu huanza michezo yao 162, nami huanza kutetemeka.

Dalili ya kwanza ni hesabu. Mshabiki wa mwezi wa Agosti ni mtu mwenye akili timamu, amekwisha ona mengi na hadanganyiki. Lakini mshabiki yule yule katika mwezi wa Nne, maadamu michezo iliyochezwa haizidi vidole vya mkono, husadiki kila tarakimu anayoiona kama wahenga walivyosadiki ramli. Msimu ninaousimulia, kijana mmoja wa timu yetu ya Boston, ambaye sitamtaja jina kwa kuwa naye ana mama, alipiga homurani mbili, yaani mipira iliyotoka nje ya uwanja kabisa, katika michezo mitatu ya mwanzo, na katika mara kumi na mbili alizosimama kupiga alifaulu mara saba. Nikashika kalamu. Mbili kwa michezo mitatu, mara hamsini na nne, ni 108. Na kwa kuwa rekodi ya Barry Bonds ya mwaka 2001 ni 73, ilinibainikia kwamba tarikhi ilikuwa ikiandikwa mbele ya macho yangu. Karatasi nikaibandika kwenye mlango wa friji. Mke wangu akaisoma toka juu hata chini, akafungua friji, akatoa maziwa, akafunga, asiseme neno. Ndoa yetu imetimiza miaka kumi na mmoja.

Wala nisidhaniwe kuwa sikuyajua mambo ya kale. Tarehe 4 Aprili 1994, siku ya kufungua msimu, Karl Rhodes wa Chicago Cubs, aliyejulikana zaidi kwa jina la utani la Tuffy, alipiga homurani tatu mchana mmoja, zote kwa mipira ya Dwight Gooden, mrushaji aliyeogopwa na wengi. Kwa hesabu ya friji yangu angelimaliza na 486. Alimaliza na nane. Ni kweli kwamba msimu ule ulikatizwa na mgomo, na ni kweli kwamba bwana huyo baadaye alihamia Japani, na huko mwaka 2001 akapiga 55 akaisawazisha rekodi ya Sadaharu Oh. Lakini hayo hayanisaidii mimi. Hali kadhalika Baltimore Orioles walifungua mwaka 1988 kwa kufungwa michezo 21 mfululizo, na naamini kwamba hata asubuhi ya mchezo wa ishirini na mbili alikuwako mtu mmoja mjini Baltimore, kalamu mkononi, anayehesabu michezo iliyosalia.

Balaa langu, hata hivyo, halikutoka katika hesabu, lilitoka katika lugha. Kile kipande cha mti anachokishika mpigaji Kiswahili hakijaafikiana juu ya jina lake, na mimi, kwa kujiona mjuzi, nikachagua gongo, maana gongo ni fimbo nene, na hivyo ndivyo walivyosema babu zangu kabla neno hilo halijatekwa na pombe haramu ipikwayo vichochoroni. Basi msimu uliotangulia, kwa furaha ya mchezo wa kwanza, niliwaandikia jamaa zangu wa Pangani ujumbe huu: “Alhamdulillahi, msimu umeanza, na gongo letu mwaka huu ni kali sana. Jana limetuburudisha hata usiku wa manane, na kesho nakwenda kulishuhudia mwenyewe.” Nikalala usingizi mnono.

Huko Pangani hakulala mtu. Shangazi yangu alisoma Yasini. Baraza la wazee likakutana, likakata shauri kwamba mtoto ameharibika ugenini na kwamba sharti aende mtu wa kumtazama kwa macho, na mtu huyo asiwe mwingine ila mjomba wangu, mwalimu wa hesabu mstaafu, aliyeshika chaki miaka arobaini na ambaye hajapata kuonja kileo wala kusamehe kosa la desimali. Kupata viza kulichukua takriban mwaka mzima, na hivyo kwa kudra yake Mola mjomba akawasili uwanja wa ndege wa Boston wiki ile ile msimu mwingine ulipofunguliwa.

“Shikamoo, mjomba,” nilimwambia.

“Marahaba,” alijibu, akanisogelea karibu sana, akanusa.

Aliporidhika na pumzi yangu, na aliposhuhudia kwa macho kwamba gongo ni mti, hakucheka. Alisema tu kwamba mtu aliyesoma mpaka chuo kikuu alipaswa kujua kufafanua istilahi zake. Kwa kumtaka radhi nikampeleka Fenway.

Uwanja wa Fenway ulifunguliwa tarehe 20 Aprili 1912, na hakuna ulio mkongwe kuushinda katika ligi kuu. Upande wake wa kushoto una ukuta wenye kimo cha mita kumi na moja na ushei, uliopakwa rangi ya kijani na kuitwa zimwi, na chini ya ukuta huo upo ubao wa matokeo ambao mpaka leo hubadilishwa tarakimu zake kwa mkono. Ubao huu ulimpendeza mjomba kuliko chochote kilichokuwako. Viti vyetu nilivipata kwa bei nafuu, nikajisifu kwa werevu wangu, hata tulipoketi ndipo nilipofahamu asili ya unafuu ule: mbele yetu ilisimama nguzo ya chuma, mojawapo ya zile zinazoshikilia paa tangu enzi za mabibi zetu. Kwangu mimi nguzo ilimmeza mrushaji. Kwa mjomba ilimmeza mpigaji. Yaliyopita baina ya hao wawili tuliyachukua kwa imani, kama mambo ya ghaibu.

Lakini haja haikosi hila. Mjomba, aliyevaa kanzu ndani, sweta mbili juu ya kanzu, koti langu juu ya sweta, na kofia ya viua iliyofunikwa na kofia ya sufu, alikuwa akitangaza, “Karusha!” nami nikimjibu, “Kakosa!” na hivyo sisi wawili tukawa mtazamaji mmoja mzima. Kazi ilitaka wepesi, kwa sababu tangu mwaka 2023 mrushaji hupewa sekunde kumi na tano tu pasipokuwa na mtu katika vituo, na saa kubwa humhesabia mbele ya umati. Nilipoinama kuokota karanga moja iliyoniponyoka, mjomba alikwisha tangaza mara mbili bila ya kujibiwa, naye akanitazama kama alivyokuwa akimtazama mwanafunzi aliyesinzia. Maganda ya karanga, ambayo kila mtu pale huyatupa miguuni pake, yeye aliyatia katika mfuko wa koti langu, moja baada ya moja. Nilikuja kuyakuta mwezi wa Oktoba.

Katikati ya zamu ya saba, kwa mujibu wa ada ya mchezo huu, watu wote husimama kunyoosha viungo na kuimba. Mjomba, kwa adabu ya kwao, hakuwa mtu wa kuondoka mahali bila ya kuaga. Alipoona halaiki imesimama alijua shughuli imekwisha. Akafunga vifungo vya koti, akamgeukia jirani wa kulia akampa mkono, akamshukuru kwa Kiingereza safi cha Chuo cha Ualimu, akaendelea na wa pili, na wa tatu, hata akaimaliza safu yote, watu kumi na wanne, nami nyuma yake nikishindwa kumkatiza mzee mbele ya wageni. Tulipofika mwisho wa safu, umati wote ukaketi. Ikatubidi kurudi, na kwa kuwa hakuweza kuwapita watu wale wale kimya, aliwaamkia upya mmoja mmoja.

Usiku ule, katika treni, alinitaka nimweleze takwimu. Nikamwambia kwamba mpigaji mwenye “mia tatu” ni hodari na hulipwa mamilioni.

“Mia tatu katika ngapi?”

“Katika elfu, mjomba.”

Akanyamaza mpaka kituo cha pili. “Yaani thelathini katika mia,” alisema. “Shuleni kwangu huyo alikuwa akilala juu ya dawati.” Nikajitetea kwa kumtajia Ted Williams wa timu yetu hii hii, ambaye mwaka 1941 alimaliza na 406. Mjomba akapiga hesabu kichwani, akasema kwamba Bwana Williams naye angerudia mwaka. Kitu pekee kilichomkosha ni kile kitendawili cha mashabiki: ni timu gani iliyocheza mchezo mzima na kila mpigaji wake akatoka na wastani ule ule aliokwenda nao? Ni Chicago White Sox, tarehe 16 Aprili 1940, siku ya kwanza ya msimu, walipokutana na Bob Feller wa Cleveland, kijana wa miaka ishirini na mmoja, asimruhusu hata mmoja wao kupata pigo. Walianza na sifuri, wakamaliza na sifuri. “Sifuri kwa idadi yoyote ni sifuri,” alisema mjomba kwa furaha ya mtu aliyekutana na sahibu wa zamani, na kwa mara ya kwanza nikamwona anacheka.

Tarehe 15 Aprili tulitazama mchezo nyumbani kwenye televisheni. Mjomba, ambaye sasa alikuwa na daftari, aliuliza jina la aliyesimama kupiga. Macho yangu hayakuliwahi jina, nikamwambia ni namba 42. Akaandika. Akaja mwingine. “Na huyu?” 42. Na mrushaji? 42. Mjomba akaweka kalamu chini, akanikazia macho, na nikahisi kwamba ananusa tena. Ikanilazimu kumweleza kwamba siku hiyo, mwaka 1947, Jackie Robinson wa Brooklyn Dodgers, aliyevaa namba 42, aliuvunja mwiko wa rangi uliowafungia watu weusi mlango wa ligi kuu tangu karne iliyotangulia, na kwamba kila mwaka tarehe hiyo wachezaji wote huivaa namba yake. Akaniuliza timu yangu ilimpokea lini mchezaji wake mweusi wa kwanza. Nilitamani aulize jambo jingine lolote. Ilikuwa mwaka 1959, Pumpsie Green. Wa mwisho katika timu zote. Mjomba akatoa arobaini na saba katika hamsini na tisa, akaandika jibu, kumi na mbili, akalipigia mstari mara mbili.

Jumatatu ya tatu ya Aprili ni sikukuu katika jimbo la Massachusetts, na siku hiyo mchezo wa Fenway huanza saa tano ya asubuhi ili ukutane na mbio za marathoni zinazopita jirani. Tulipotoka uwanjani, umati ulikuwa ukiwashangilia wakimbiaji wa kawaida waliobakiwa na maili moja, watu wazima wenye kuchechemea, na mmoja aliyevaa vazi la ndizi. Mjomba alisimama ukingoni mwa barabara, akasahau baridi.

“Hapa ndipo alipopita Ikangaa,” alisema.

Juma Ikangaa, Mtanzania, alikuwa wa pili hapa Boston mwaka 1988, na 1989, na 1990. Mara ya kwanza alishindwa na Ibrahim Hussein wa Kenya kwa sekunde moja. Mjomba alinisimulia mambo hayo kana kwamba yalitokea juzi. Na mtu yule, aliyenifundisha wiki tatu nzima kwamba matokeo ni matokeo, akaanza kunieleza kwamba lau njia ingalikuwa na mita hamsini zaidi, au lau upepo ungalikuwa wa upande mwingine, na kwamba ukijumlisha miaka yote mitatu na kuigawa kwa haki, Ikangaa ndiye mshindi. Sikumsahihisha. Alimpigia makofi mtu wa ndizi mpaka akapotea machoni.

Kijana wetu wa homurani mbili, kwa wakati huo, alikuwa na homurani mbili vile vile. Michezo ilikuwa imefika kumi na tisa, na katika mara sabini za kusimama kupiga alifaulu kumi na tano. Asubuhi ya kuondoka kwa mjomba niliikuta karatasi yangu ya friji imesahihishwa kwa wino mwekundu: 108 imekatwa, pembeni imeandikwa 17, na chini yake, kwa mwandiko ule ule uliowaliza watoto wa Pangani, “Una haraka. Rudia. 3/10.” Nikamwambia kwamba tatu katika kumi, kwa mchezo huu, ni mshahara wa mamilioni. Alikuwa akifunga begi lake, na katika begi, chini ya kanzu, niliona gongo dogo la ukumbusho lililofungwa kwa taulo.

Wiki moja baadaye, saa moja na nusu ya usiku, mchezo ukiwa katika zamu ya pili, simu yangu ililia. Pangani ilikuwa saa nane na nusu, usiku wa manane. Mjomba alinong’ona kama mwizi.

“Mpwa wangu, yule kijana wetu leo vipi? Gongo limepata moto?”

Kabla sijajibu nilisikia kitanda kikilia, na sauti ya mke wa mjomba, iliyo macho kabisa: “Gongo gani hilo, saa hizi?”