Hori ya Mita 2

Jumatatu. Alfajiri nimemwaga majani tembo. Ng'ombe ni wanne, hori ni ya mita 2, yaani sentimita 50 kwa kila mmoja. Mabega ya ng'ombe mzima hayaenei hapo. Malkia, mbabe wao, akajipanua katikati. Neema, aliyezaa mara ya kwanza mwezi uliopita, akasukumwa mpaka ukutani. Zamu yake ilipofika yalibaki mashina.

Jumanne. Fundi wa kurefusha hori tulikubaliana aje asubuhi. Saa nane mchana akapiga simu: mbao hazijafika.

Jumatano. Foleni ndefu kwenye kituo cha maziwa. Maziwa ya Neema yamepungua, na jirani akanishauri, "Muongezee pumba, kaka." Pumba ipo, anaimaliza Malkia. Ng'ombe hupenda kula kwa pamoja; chakula kipya kikimwagwa, wote wanakuja. Mnyonge akifukuzwa saa hiyo, hurudi baadaye kuokoteza walichokataa wenzake, tena kwa haraka. Muda wa kulala na kucheua anaumaliza amesimama, akisubiri. Hii ni dhuluma, na inafanyika ndani ya banda langu kila siku.

Alhamisi. Mbao bado. Nimemsomea fundi kwa simu utafiti wa mwaka 2004 wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada. Walilinganisha nusu mita na mita nzima kwa kila ng'ombe. Penye mita nzima, ugomvi ulipungua kwa zaidi ya nusu, na muda wa kula ukaongezeka, hasa kwa wanyonge, katika zile dakika 90 baada ya chakula kumwagwa. Fundi akasikiliza mpaka mwisho. Akasema kesho, Mungu akipenda.

Ijumaa. Mvua, fundi hakuja. Nimemwekea Neema majani kwenye karai, kona ya pili. Malkia akaiacha hori akaenda kumfukuza huko huko. Nikasimama kati yao, nimelowa, mpaka Neema akashiba.

Jumamosi. Fundi amefika saa tano. Hori sasa ni mita 4. Jioni wote wanne wameinamisha vichwa kwa wakati mmoja. Malkia akasukuma, Neema akasogea hatua moja, akaendelea kula majani laini. Nimefurahi kuliko ninavyoweza kuandika. Bado nguzo za kutenganisha vichwa. Fundi amesema Jumatatu.