Tuwasifu Wanaotuonea

Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Hawakuwa na simu, tuwasamehe. Huku Texas ninakoishi, mwenye macho mawili mazima na bunduki ya kuwindia huambiwa atazame kwa kioo cha nani, na akishatazama huambiwa ameona nini. Wanaomfanyia hisani hiyo ni vijana wa YouTube wenye ndevu za kuchongwa, na leo nimekuja kuwasifu.

Tazama kasi yao. Kampuni ya Aimpoint ya Sweden ilitoa kilenga chake cha kitone chekundu mwaka 1975. Jeshi la Marekani likajivuta hadi 1997 ndipo likakichagua kwa bunduki za askari wake. Miaka 22! Kijana wetu hahitaji hata nusu saa: anafungua boksi, anakibwaga kitu sakafuni mara tatu, anatikisa kichwa kama mganga, anataja namba ya punguzo. Kwa kasi hiyohiyo kitone kikazeeka, ikaja darubini ya kukuza mara 1 hadi 6. Hujaizoea, unasikia wanaume wako kwenye 8. Mara 10, na juu yake ubandike kilekile kitone ulichoambiwa kimepitwa na wakati. Aimpoint CompM4 hutumia betri moja ndogo kwa saa 80,000, miaka tisa na ushei. Betri inazika mitindo, yenyewe ingali inawaka.

Fizikia nayo ni bahili. Gawa upana wa kioo cha mbele cha darubini kwa ukuzaji, utapata upana wa mwali unaofika jichoni. Kioo cha milimita 56 kikikuza mara 4 kinaleta mwali wa milimita 14, na mboni ya binadamu gizani hufunguka kama 7 tu. Unaobaki unamwagika kwenye kope. Lakini kioo kikubwa kwenye video kinapendeza, na kope nazo zina haki ya mwanga.

Simo Häyhä, mkulima wa Finland, anahesabiwa kuua askari zaidi ya 500 wa Kisovieti katika vita vya 1939–1940 bila darubini kabisa. Kioo, kwake, kilimlazimu mtu kuinua kichwa, tena baridi hukitia ukungu. Maskini, hakuwa na wa kumshauri.

Jirani yangu anao. Ni mzee mstaafu mwenye bunduki moja na darubini nne. Kulungu wake wote huwapigia mita 80, pale mashine inapowamwagia mahindi alfajiri. Hata hivyo alibishana mwaka mzima kama mibofyo ya darubini ipimwe kwa MOA, yaani dakika ya pembe, au kwa miliradiani. Mbofyo wa sehemu ya kumi ya miliradiani husogeza risasi sentimita 1 kwenye mita 100. Ule wa robo MOA, milimita 7 na kidogo. Tofauti haifiki milimita 3, na hakuna kulungu aliyewahi kulalamika.

Jumamosi alinialika kwenye kibanda chake cha kuwindia niione hiyo ya nne. Akawa anaihesabu mibofyo kwa mnong'ono, kama alivyofundishwa: kumi juu, kumi kulia, rudisha yote. Dume la pembe nene likaja, likala mahindi, likatukodolea macho, likaenda zake.

"Umeona kioo kilivyo safi?" mzee akaniuliza.